Nywele za mkia wa Malkia

Leo nimemwaga maji yote ya farasi wetu Malkia hapa Ruiru.

Malkia anakula vizuri lakini mbavu zinahesabika. Daktari wa mifugo alikata nywele za mkia, zikapelekwa maabara Juja zipimwe madini, tujue ni nini inakosekana kwa chakula chake.

Leo asubuhi daktari akanipigia.

"Mama Ciku, hizi nywele ziko na madini ya risasi, ile sumu ya betri kuukuu. Iko juu sana. Usimpe kitu mpaka nifike."

Ngai!

Nikamwaga maji. Nikatupa nyasi yote nje. Halafu nikakumbuka watoto wa ploti, wale humshika kila siku. Nikaanza kuwaita mmoja mmoja.

Daktari alipofika alienda moja kwa moja kwa Malkia. Aliinua mkia, akausugua na kitambaa cheupe.

Kitambaa kikawa cheusi.

Sote tukageuka kumwangalia Njeri, mdogo wangu, mwenye hupeleka Malkia harusini.

"Bwana harusi alitaka mkia ufanane na suti yake," akasema polepole. "Nilipaka tu rangi ya nywele."

Daktari akasema rangi zingine huwa na hiyo risasi. Amekata nywele za shingo, tunaanza upya.

Mnacheka? Mimi sijacheka. Wewe ungemwambia Njeri nini?

Wiki zote tulizongoja maabara, kumbe tulikuwa tunangoja majibu ya rangi ya Njeri, na Malkia anazidi kuisha.