Mguu Wangu, Mkono Wake

Mama mkwe wangu alipopata kiharusi, upande wake wa kulia uligoma. Tulimtoa hospitali akiwa hawezi hata kushika kijiko. Kwake Kibara alikuwa anaishi peke yake, kwa hiyo ndugu wa mume wangu wakakubaliana kwenye simu kwamba aje kwetu Musoma, Kamunyonge. Mume wangu alikuwa kazini mbali, anarudi siku chache tu mwisho wa mwezi. Mimi nilisikiliza yale mazungumzo nikiwa nimekaa pembeni, nikajua wameshamaliza.

Wakati huo nilikuwa nauza vitenge kwenye duka moja Iringo, kazi ya kusimama tangu asubuhi. Kabla ya kutoka nilimwogesha, nikamnywesha uji, nikamwomba jirani awe anamchungulia. Jioni nilirudi nikaanza upya: maji, chakula, mashuka, kumgeuza. Sikumchukia. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu ule ambao mtu akikuuliza habari za kazi unaona hata kujibu "nzuri" ni mzigo.

Mwezi wa tatu alianza kukaa mwenyewe kwenye kiti. Siku hiyohiyo akaniambia, "Mwanangu, nataka gurudumu langu."

Nililijua hilo gurudumu. Zamani wanawake wa kanisani kwao walifundishwa kusokota uzi kwa pamba ya mashamba yao wenyewe. Wenzake waliacha mmoja mmoja, yeye akaendelea. Kila mwaka alipanda mistari michache ya pamba nyuma ya nyumba, akaichambua kwa mkono na kuitoa mbegu.

"Mama, utasokota na mkono gani?"

"Nina mkono mmoja mzima. Lete gurudumu."

Lilifika juu ya basi kupitia Bunda, limefungwa kwa kamba pamoja na mfuko wa pamba, na kijiti kimoja kimevunjika. Wiki hiyo nilikuwa na siku moja tu ya mapumziko. Badala ya kulala, nikalibeba hadi Butiama kwa seremala aliyelitengeneza.

Alikuwa mzee mpole. Alilizungusha kwa kidole, akasikiliza, akacheka. "Usiliogope. Hii ni baiskeli iliyokaa chini."

Wakati anachonga kijiti kipya akanionyesha. Chini kuna kanyagio. Ukikanyaga, kijiti kinasukuma mkono wa chuma, na mkono unazungusha gurudumu kubwa. Kamba nyembamba inatoka kwenye gurudumu kubwa hadi kwenye kapi dogo juu. Gurudumu kubwa likizunguka mara moja, kapi limeshazunguka mara nyingi, na hapo ndipo uzi unaposokoteka. Mbele ya kapi kuna mikono miwili ya mti yenye ndoano, na katikati yake kuna kibobini cha kupokea uzi. Juu ya kibobini alikuwa amepitisha uzi uliovutwa na kipande cha mpira wa tyubu.

"Hii ni breki," alisema. "Inakichelewesha kibobini. Mikono inakimbia, kibobini kinabaki nyuma, basi uzi unajizungushia wenyewe. Ukikaza sana unakatika. Ukilegeza sana haujizungushi, unajikunja tu hapo mbele."

Nilimwelewa. Nilichokuwa sijaelewa ni nani angekanyaga.

Nilijua jioni ile ile. "Mwili wangu haujatulia," mama mkwe alisema. "Nikikanyaga naanguka. Wewe kanyaga, mimi nitavuta."

Tukakaa magoti karibu kugusana. Alishika kipande laini cha pamba mkono wa kushoto, akakigusisha kwenye uzi uliokuwa tayari kwenye gurudumu. Nikakanyaga. Msokoto ukapanda juu kwenye pamba, na yeye akarudisha mkono nyuma taratibu, kama anayevuta kitu asichotaka kukiamsha. Kati ya kidole chake na tundu dogo la mbele, uzi unapoingilia, uzi ukatokea, mwembamba, wenye vinundu. Nilishangaa. Kisha ukakatika.

"Umepunguza mwendo," akasema.

"Nimesimama tangu asubuhi, mama."

"Pamba nywele zake ni fupi. Usipoisokota sana inaachiana. Kanyaga."

Ikawa hivyo kila jioni, nikishaweka maharage jikoni. Miguu yangu ilikuwa imevimba, na yeye alijua mwendo wangu kwa kutazama uzi tu. Ukitoka mlegevu alisema, "Dukani leo kulikuwa na watu wengi." Ukikaza hadi ukajipinda alisema, "Nani amekuudhi?" Nikawa namsimulia, ili tu amalize kuuliza. Nilimsimulia habari za mteja aliyekunjua vitenge ishirini akaondoka bila kununua. Nilimsimulia hata mambo ya ndoa yangu ambayo sikudhani nitamwambia mama wa mwanaume mwenyewe. Yeye alivuta pamba. "Hata baba yake alikuwaga hivyo," alisema mara moja, basi.

Mwezi wa sita, siku moja duka lilifungwa mapema kwa msiba. Nilirudi saa tisa. Nilipokaribia mlango nikasikia gurudumu linazunguka, mwendo mzuri, bila kusitasita. Nilidhani ni jirani. Nikaingia, nikamkuta mama mkwe peke yake, mguu wa kushoto kwenye kanyagio, mkono wa kushoto unavuta. Kibobini kilikuwa kimejaa karibu nusu.

Nilisimama na mkoba begani.

"Kumbe unaweza?"

Hakushtuka. Aliacha gurudumu lisimame lenyewe. "Naweza."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Nilikaa sakafuni pale pale. Nilihesabu jioni zote zile kichwani, nikahisi hasira inapanda hadi masikioni. "Mama, mimi nachoka! Nakufa kwa kuchoka, na wewe unanikanyagisha bure!"

"Ukirudi unapita tu," alisema. "Unaniogesha huongei. Unanilisha huongei. Unanigeuza kama gunia. Nikikwambia kanyaga, ndiyo unakaa, unanitazama usoni."

Nilitaka kusema si kweli, lakini ilikuwa kweli. Nilitaka pia kusema kwamba hana haki, na hilo nalo lilikuwa kweli. Niliinuka nikaenda jikoni, nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jioni hiyo hakuniita. Kesho yake pia. Siku ya tatu nilivuta kiti changu mwenyewe nikakaa mbele yake.

"Sikanyagi," nikamwambia.

"Usikanyage," akajibu, akaendelea.

Tulikaa hivyo hadi mwezi wa nane, wifi yangu alipohamia Kibara na kumchukua. Walilipakia gurudumu kwenye basi kwanza, kisha yeye. Hakunishukuru mbele ya watu. Alinishika tu kifundo cha mkono kwa ule mkono wake wa kulia, ambao ulikuwa umeanza kushika kidogo, kisha akaniachia.

Basi lilipoondoka nilirudi nyumbani, nikajitupa kitandani na viatu vyangu, jua bado lipo dirishani. Sikulia. Nilifurahi kwamba ameondoka, na nilijionea aibu kwa kufurahi. Kabla sijamaliza kuona aibu, nikasinzia.