Bei ya Kumkodi Babu

Ukitaka kukodi mkokoteni wa kahawa kwa ajili ya shughuli yako hapa Tabora, jua kwanza kwamba mkokoteni haukodiwi. Anakodiwa babu yangu. Mkokoteni unamfuata tu, kama mkia unavyomfuata ng'ombe.

Nalisema hili kwa sababu niliwahi kuwa meneja wake. Hakuna aliyeniajiri. Nilijiajiri mwenyewe likizo ya katikati ya mwaka, nikiwa kidato cha pili, baada ya kuona kwenye simu ya dada yangu harusi za Dar es Salaam: kigari cheupe kimevishwa maua, kijana mwenye aproni nyeusi anachora majani juu ya povu la kahawa, na wageni kwenye foleni wanapiga picha na vikombe kabla ya kunywa. Chini wameandika bei ya kukodi. Nikaisoma, nikafuta kioo kwa khanga, nikaisoma tena. Kwa bei ile, hapa kwetu unapata mbuzi, na mtu wa kumchinja, na mtu wa kumlilia.

"Si tunacho cha kwetu?" nikamwambia dada.

Dada hakucheka. Ndiye aliyekuwa anaolewa, na bibi harusi akishaanza kuhesabu sahani hachekeshwi tena na mtu.

"Cha kwetu hakiji," akasema.

Alikuwa anasema kweli. Babu, baba yake mama, anauza kahawa kwenye kona nyuma ya soko, jirani na mafundi cherehani. Mkokoteni wake ni sanduku la mninga juu ya magurudumu mawili ya baiskeli, moja jekundu, jingine kijani, yametoka kwa baiskeli ambazo hazikuwahi kufahamiana. Juu yake kuna jiko la makaa, na juu ya jiko kuna birika la shaba lililojaa mabonde kama uso wa mtu aliyecheka sana. Alasiri, mji unapokuwa umejinyoosha kivulini, babu hugonganisha vikombe vyake viwili, kling, kling, na mlio ule huingia taratibu kwenye ndoto za watu waliolala. Mama anasema akiwa mdogo aliota mara nyingi anafuatwa na mvua ya vioo, kumbe ni baba yake anatafuta riziki.

Zamani bibi alikaa pembeni yake na kashata. Kikombe cha kwanza hakikuuzwa. Kilikuwa chake aonje. Babu anammiminia, anasubiri.

"Vipi?"

"Bado," anasema bibi.

Siku zote bado. Kahawa inaweza kuwa imeiva hadi imemaliza shule, bibi atasema bado. Babu anacheka, haongezi hata chembe ya tangawizi, anaanza kuuza. Ndivyo kona ile ilivyofunguliwa miaka yote ya utoto wangu, mpaka bibi alipofariki. Tulimzika Kwihara, nje kidogo ya mji, nyuma ya nyumba aliyozaliwa. Tangu hapo babu anauza bila kuonjwa, na Kwihara hajakanyaga tena.

Na harusi ilikuwa Kwihara. Dada alilelewa na bibi kwenye ua wa nyumba ile, akajifunza kutembea humo na kuanguka humo, akataka aolewe humo. Na alitaka kitu kimoja tu zaidi: babu awepo. Wakaenda wajomba kumwalika. Akaenda mama. Akaenda dada mwenyewe, akarudi macho mekundu. Kila mmoja babu alimjibu vilevile: "Nikienda mimi, watu watakunywa nini?"

Ndipo likanijia wazo. Aliyealikwa anaweza kukataa. Lakini muuza kahawa aliyeletewa kazi ya kuuza kahawa, atakataaje?

Nikamwendea jioni, wazee wake wa bao wakiwa wameinama juu ya kete.

"Shikamoo, mume wangu."

"Marahaba, mke mdogo. Mke mkubwa hajambo?"

Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu. Dada ni mke mkubwa, mimi mke mdogo, na sote wawili tumewahi kutalikiwa kwa kosa la kumaliza kashata. Ni utani, lakini utani una sheria zake. Anayekuja kumchukua mjukuu amemnyang'anya mzee mke, kwa hiyo lazima amfidie, na fidia hiyo lazima ibishaniwe kwa kelele mpaka majirani waache kazi.

"Nimekuletea mteja," nikasema. "Anataka kukodi mkokoteni."

"Kwa shughuli gani?"

"Harusi."

"Wapi?"

Nikaliangalia lile gurudumu la kijani. "Huko huko… upande wa Kwihara."

Mvuke ulitoka kwenye mdomo wa birika, ukapanda, ukapinda, ukapotea juu ya mabati ya mafundi. Babu aliufuata kwa macho mpaka mwisho. Nikadhani nimeshafukuzwa kazi.

"Analipa nani?"

"Bwana harusi."

"Huyo anayeninyang'anya mke?"

"Huyo huyo."

Masharubu yake yakatikisika. Nikatoa simu haraka nikaanza kumrekodi. "Mwambie," akasema, "kahawa na makaa, laki. Kuiacha kona yangu, laki. Hawa wazee kukaa siku nzima koo kavu, laki."

"Mbili!" akadakia mmoja wa wazee, bila kuinua kichwa.

"Mbili. Na mke wangu mkubwa, ng'ombe watatu, baiskeli, na shati la mikono mirefu."

"Na viatu!"

"Nyamaza wewe, mke si wako."

Nikaituma sauti hiyo kwa shemeji, Dar. Shemeji yetu ni mtu wa Pwani, anafanya kazi ya kompyuta, ana adabu kiasi kwamba nimewahi kumsikia akimwambia mbuzi "samahani." Nilitegemea atume vicheko na tusi dogo la heshima. Badala yake simu ya babu ikalia. Babu akavaa miwani, akaishika simu mbali kama mtu aliyeshikishwa kinyonga.

"Imeingia?" wakauliza wazee.

"Imeingia."

"Kiasi gani?"

Babu akaisoma tena. "Yote."

"Na ng'ombe?"

"Amewapigia hesabu. Na baiskeli. Na shati."

Kete zikabaki mikononi. Mzee mmoja akavua kofia, kama kuna jeneza linapita.

"Hajapunguza?"

"Hata shilingi."

Babu akavua miwani. "Basi huyu hataki undugu," akasema polepole. "Mtu anayetaka undugu na wewe anabisha, anarudi kesho, anabisha tena. Huyu amelipa, ameondoka. Nimeuza mjukuu kama kilo ya sukari." Akanigeukia, na hakuniita mke mdogo. "Mwanangu, hiyo hela irudi usiku wa leo. Umwambie mkokoteni una pancha."

Magurudumu yote mawili yalikuwa yamejaa upepo. Nyumbani nikamsimulia dada. Aliifunga simu yenye picha za vigari vyeupe, akaiweka chini ya mto, akalala juu yake. Nikampigia shemeji.

"Shemu, umeharibu."

"Nimelipa zote!"

"Ndivyo ulivyoharibu."

"Nilidhani kuchelewesha ni kukosa adabu."

"Kulipa ndiyo kukosa adabu. Ukija huku, uje umbishie. Mwite mwizi."

"Nimwite babu yenu mwizi?"

"Kwa heshima."

Siku moja kabla ya harusi, asubuhi, nikampeleka shemeji pale konani. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi hadi ikawa inasimama yenyewe. Njia nzima nilimfundisha, na kila nilipomwambia rudia, alimaliza na "tafadhali."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema babu bila kumwangalia. "Pancha."

Shemeji akanitazama. Nikamtolea macho. Akameza mate.

"Mzee, bei yako ni ya… ya mwizi."

"Sikusikia."

"Ya mwizi!" Sauti ikampasuka, cherehani zikanyamaza. "Ng'ombe watatu kwa mke gani? Huyu anayesonga ugali wenye mabonge?"

Siri hiyo nilimpa mimi, na ninaitetea mpaka leo, maana ni ya kweli.

Babu akaweka kikombe chini. Jicho lake moja lilikuwa limeanza kuwaka. "Ugali wake umeula wapi wewe, kabla ya ndoa?"

"Nimehadithiwa!"

"Na mabonge yale unajua ni ya nini? Ni ya kumtambua mwanaume mwenye meno! Ng'ombe watatu!"

"Mmoja!"

"Wawili na nusu!"

"Nusu ipi?"

"Ya nyuma, wewe si utakula kichwa!"

Mafundi wakatoka na tepu shingoni. Muuza duka wa ng'ambo ya barabara akaja na kiti chake kabisa. Ng'ombe wakashuka mpaka mguu mmoja, baiskeli ikashuka mpaka kengele. Shati halikushuka. Kila shemeji alipoligusa, babu alisema, "Shati niachie, hapo utanitoa roho." Mwisho kijana wa watu akaishiwa maneno. Jasho lilikuwa limeshaivunja pasi ya kanzu.

"Mzee," akasema, "ng'ombe sina. Mabega ninayo."

Hilo sikumfundisha.

Wazee wa bao wakapiga mayowe. Babu akamwangalia kuanzia viatu kwenda juu, taratibu, kama anayepima kitambaa. "Babu zetu," akasema, "walibeba mizigo kutoka hapa mpaka Pwani kwenu, wakafika mabega yameota sugu. Leo mtu wa Pwani atabeba wa kwangu. Birika likiwa motoni. Mpaka Kwihara."

Ndiyo ikawa bei.

Nakumbuka ile njia kama mtu anavyokumbuka ndoto aliyoiota akiwa na homa kidogo, ile homa tamu ya kukosa shule. Mchanga ulikuwa mwekundu na laini, magurudumu yakizama na kupumua. Mbele shemeji anasukuma, kanzu ameikunja kiunoni. Nyuma babu anatembea mikono mgongoni, akimtukana kwa upole kama anayesoma nyiradi. Moshi wa makaa ulitutangulia. Gari la watalii lililokuwa likienda kwenye tembe la makumbusho likatupita, likapunguza mwendo, wakatupiga picha; sijui huko kwao wanatuelezaje. Mama mmoja mwenye kuni kichwani akatusalimia, "Mwangaluka!" na shemeji, kwa kuhema, akajibu, "Asante, tafadhali."

Jua lilivyozidi kupanda, nikaanza kuona kama tuko wengi. Vumbi lilisimama pembeni mwa njia kwa urefu wa watu, likatembea kidogo nasi, likakaa chini. Vikombe vilikuwa vikigongana vyenyewe sandukuni, kling, kling, na nikawaza wale wapagazi wa kitabu cha historia, ambao mimi nilikuwa nawachora masharubu, kwamba labda nao walikuwa na mmoja nyuma yao anayewasema njia nzima, na ndiyo maana walifika.

Tukatokea mahali njia inapoinuka kidogo na nyumba ya bibi inaonekana: paa la bati, maturubai ya harusi ya bluu, na nyuma, ule mwinuko wa udongo uliokwisha kuota majani.

Babu akashika ubavu wa mkokoteni. Ukasimama.

"Nililipwa mpaka hapa," akasema. "Kuendelea ni bei nyingine."

Shemeji akafungua mdomo abishe, akamtazama usoni, akaufunga. Mkono wa babu ulikuwa juu ya mbao ya mninga, upande aliokuwa akikaa bibi, na haukusogea.

Nikakimbia kumwita dada.

Alikuwa anapakwa hina. Akatoka hivyo hivyo, mikono ameiinua juu, mibichi, kama mtu aliyekamatwa na polisi. Bwana harusi hakutakiwa kumwona kabla ya ndoa, kwa hiyo nilitangulia mbio nikamfunika shemeji khanga kichwa kizima. Akasimama pale kama samani iliyohifadhiwa.

Dada akafika mbele ya babu. "Kutoka hapa mpaka uani ni shilingi ngapi?"

"Hutaiweza," akasema babu, akiangalia chini.

"Sinunui kitu sijaonja."

Babu akaliangalia birika. Kisha akachukua kikombe, akakisuuza, akainua birika. Kahawa ikashuka nyeusi na nyembamba, bila haraka. Dada hakuweza kukishika kwa hina, ikabidi babu amnyweshe mwenyewe, kiganja kingine kikikinga chini ya kidevu chake, kama anavyonyweshwa mtoto dawa.

Dada akameza. Akatulia.

"Vipi?" akauliza babu kwa sauti ndogo sana, kama neno limemtoka bila kukusudia.

"Bado," akasema dada.

Nilidhani babu ataanguka. Mabega yake yalianza kupanda na kushuka, na mpaka sauti ilipotoka ndipo nikajua ni kicheko, kile cha zamani, cha konani, ambacho nilikuwa nimesahau kwamba kina kikohozi katikati. Alicheka mpaka akavua kofia akajifutia uso. Dada naye alicheka na kulia, mikono juu, asiweze kujifuta popote.

"Bado!" akasema babu. "Hata wewe!"

Kutoka ndani ya khanga ikasikika sauti. "Mzee, nisukume? Ila sioni."

"Sukuma, mwizi wewe. Mke wangu mdogo atakuongoza."

"Mke mkubwa," nikamsahihisha. "Kuanzia kesho nimepanda cheo."

Nikashika ncha ya khanga, nikaanza kumvuta mtu wa Pwani kuelekea kwenye maturubai. Babu akatupita. Hakuongeza tangawizi wala makaa. Alichukua vikombe viwili tu, akatangulia peke yake, akaingia uani kwa bibi akivigonganisha.