Mawe ya Kutupa Chini ya Daraja la Mukwiza

Saa nne kasoro robo asubuhi, Jumamosi. Abiria tisa wamesimama kando ya barabara ya udongo mwekundu na wamekatazwa kuzungumza. Mbele yao Fidélie Nkulu amepiga magoti kwenye ubao wa kwanza wa daraja, nyundo mkononi, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza mlangoni mwa chumba cha mgonjwa.

Anagonga. Anasikiliza. Anasogea kwenye ubao wa pili, anagonga tena.

"Mama, Fungurume tutafika saa ngapi?" anauliza Yolande, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuja na walimu wenzake kutoka Kolwezi. "Kule bantu banatupikia."

Fidélie hageuki. "Mama mwalimu, ule mwenye kusema, njo mi navusha wa mwisho."

Wenzake wanaziba midomo wasicheke. Hiyo ndiyo sheria ya safari zake: akiwa anagonga mbao hakuna anayesema, na anayesema huvuka wa mwisho. Ubao mzima unajibu kwa sauti kavu, ubao uliooza unaimeza sauti. Baba yake, aliyekuwa seremala wa kampuni ya migodi, alimfundisha hivyo akiwa na miaka kumi na moja, na nyundo anayoitumia leo ni ya baba yake, ingawa mpini umebadilishwa mara tatu.

Daraja la Mukwiza ni la tatu na la mwisho katika safari anayoiongoza kila Jumamosi. Yote matatu yana paa. Kampuni iliyajenga zamani za wakoloni kwenye barabara yake ya kubebea magogo, ikayafunika kwa mabati na kuyazungushia kuta za mbao, ili mvua za huku zisiule mti. Ukiliona kwa mbali unadhani ni nyumba iliyopotea njia ikasimama juu ya mto. Ndiyo maana wenyeji huliita kilalo ya nyumba, yaani daraja la nyumba.

Ndani mna kivuli na ubaridi. Kwenye nguzo yamechongwa majina ya wafanyakazi waliostaafu kabla Fidélie hajazaliwa. Maharusi huja kupigwa picha hapo, na watoto hupiga kelele ili dari iwarudishie sauti.

Fidélie ana miaka hamsini na sita. Anaishi Kapata, katika nyumba ambayo kampuni ilimpa baba yake. Kwa miaka kumi na minne aliendesha basi la watoto wa wafanyakazi, mpaka mishahara ilipokatika. Alibaki na leseni, watoto wanne na ujuzi wa barabara zote za eneo hili. Kwa kiinua mgongo alichokisubiri miaka mingi alinunua Hiace ya bluu iliyochakaa.

"Watu walinicheka," anasema. "Wakaniuliza, nani atalipa pesa aende kutazama daraja?"

Walilipa. Leo kila abiria hutoa faranga elfu ishirini na tano, chai na mikate ikiwemo. Hayo ndiyo maisha yake tangu miaka minane iliyopita, na ndiyo yanayomsomesha mtoto wake wa mwisho huko Lubumbashi.

Sasa anarudi mahali anapopaogopa. Mwanzoni mwa daraja, kati ya ubao wa kwanza na tuta la mawe linaloubeba, pana ufa. Kila Jumamosi huchomeka njiti ya kiberiti katikati yake, kichwa juu. Juma lijalo akiikuta imesimama, ufa haujapanuka. Mwezi mzima wa Oktoba njiti ilisimama.

Leo njiti haipo. Anaingiza vidole viwili, kisha vinne. Kiganja chote kinazama hadi kwenye kifundo cha mkono.

Anainuka na kujipangusa magoti.

"Gari haivuke," anasema. "Na bantu habavuke."

"Lakini ile pikipiki inavuka," anasema Yolande, akinyoosha kidole.

Ni kweli. Pikipiki iliyobeba magunia matatu inaingia darajani. Mbao zinalia moja baada ya nyingine, mabati yanatetemeka, kisha inatokea upande wa pili na kupotelea kwenye njia inayokwenda barabara kuu. Fidélie ameshika nyundo kwa mikono miwili, na mpaka pikipiki inapotoka hajavuta pumzi.

Magunia yale yanatoka chini ya miguu yake.

Ili kulielewa hilo inabidi kurudi siku daraja lilipojengwa. Wajenzi walihitaji mawe ya kujazia matuta mawili ya kingoni. Mgodi ulikuwa na mlima wa mawe yaliyotupwa, yenye kijani na weusi ndani yake, ambayo siku hizo hayakuwa na mnunuzi. Wakayaleta kwa malori na kuyapanga. Kilichokuwa taka wakati ule leo kinanunuliwa kwa kilo: shaba na kobalti. Daraja la Mukwiza limekaa juu ya madini.

Miezi saba iliyopita, kundi la wachimbaji wadogo lilitoboa tundu katika tuta la upande huu. Sasa tundu hilo limeingia ndani mita sita, na juu yake ndipo ulipo ubao wa kwanza. Watu wa vijiji vitatu hupita hapo kwenda kwenye kituo cha afya kilicho ng'ambo. Mvua kubwa bado hazijaanza.

Fidélie aliandika barua kwa ofisi inayohusika na barabara. Ilipokelewa na kugongwa muhuri. Nakala yake anayo kwenye kasha la gari, imekunjwa mara nne, na jibu halijaja.

Kuna jambo jingine ambalo hakuliandika katika barua hiyo.

Leo anashuka kwenye ukingo, anashika majani asiteleze, mpaka chini kabisa, ambako turubai limefungwa kwenye nguzo za daraja na sufuria ya ugali inatoa mvuke. Guelord, mkuu wa kundi, ameketi juu ya gunia. Ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, baba wa watoto watatu, aliyekuja hapa baada ya shimo lake la kuchimbia madini huko Mutoshi kufungwa.

"Bonjour, mama chauffeur," anasema. "Leo unabeba bakubwa gani?"

"Nabeba balimu. Kilalo inafunguka, tata Guelord. Kuja uone."

"Mi naiona kila siku. Nalalaka chini yake."

"Njo maana nashuka kukwambia."

Guelord anachukua tonge, anatafuna taratibu. Fidélie anasimama mbele yake na nyundo yake, na ndipo anapolitoa lile ambalo hakuwa amemwambia mtu, hata wanawe.

"Ni mi nilibaonyesha haya mawe," anasema. "Myaka mingi, kila Samedi. Nilikuwa nasimama hapa na bantu bangu, nabambia: muone, kampuni ilijenga kilalo na mawe ya kutupa, na mu ile mawe muko utajiri. Nilikuwa nabashikisha na mukono. Balifurahi sana. Siku moja mutu moja wa viatu bya kungaa akaweka jiwe mu mufuko. Aliniomba ruhusa. Nikamwambia, beba, ni ukumbusho."

Guelord anacheka mpaka anaweka tonge chini.

"Mama, ile story tunaijua. Ule mutu ni negosya wa madini, njo tunamuuziaka. Alitwambia: kuko mama moja wa gari ya bluu, mumusikilize muzuri. Unajua hii tundu tuliipa jina gani?" Anaonyesha kwa kidole nyuma yake, kwenye giza la tuta. "Tundu ya Mama Fidélie."

Mmoja wa vijana wake naye anacheka. Fidélie hacheki. Anautazama mlango wa tundu, ulioegemezwa kwa magogo mawili membamba, kama anayesoma jina lake limeandikwa mahali pasipostahili.

"Kama iko na jina yangu," anasema, "basi ngoja niigonge."

Anaenda kwenye gogo la kwanza, analigonga. Sauti haitoki. Anagonga la pili. Ni vilevile.

Wakati huohuo pikipiki nyingine inaingia darajani kutokea ng'ambo. Ni tupu, haina gunia hata moja. Juu ya vichwa vyao mbao zinaanza kulia, kisha mchanga unamwagika shingoni mwa Guelord. Anapiga shingo kama anayefukuza inzi. Jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto linachomoka kwenye tuta, linapita kando ya sufuria na kutumbukia mtoni.

Guelord amesimama. Anahesabu watu wake kwa macho, kisha anaanza upya.

"Lukusa iko wapi?"

"Ndani. Na Banza."

"Mutoke," anaita kwa sauti ya chini, kana kwamba sauti yenyewe inaweza kuangusha kitu. "Mutoke polepole. Muache byote."

Muda wanaouchukua kutoka ni mrefu. Kwanza inaonekana tochi, halafu kiwiko, halafu Lukusa amejaa vumbi jeusi, halafu Banza, ambaye bado ameshika patasi yake. Jiwe la pili linaanguka nyuma yake, dogo. Hakuna aliyeumia.

Ni Fidélie anayeanza kuzungumza. Yale anayoyasema amekuwa akiyapanga kwa majuma mawili, pamoja na jirani yake wa Kapata, mzee Stany, aliyekuwa mwashi wa kampuni. Kwanza, magogo mazima ya kuegemeza. Kisha tundu lijazwe kwa mawe ya kawaida, yapangwe bila saruji kuanzia ndani kabisa kuja nje, jiwe likikaa juu ya mawili. Mawe hayo yapo kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, kilomita mbili kutoka hapa.

"Mawe yenye mulisha kutoa ni yenu," anamwambia Guelord. "Siyatake. Mufuko moja ukipanda juu, mufuko moja wa mawe ya bule ushuke. Mupaka tundu ijae. Kisha, kwisha."

"Na shiye tutakula nini?"

"Ile mifuko yenu inapita wapi kwenda kwa negosya?"

Guelord anainua macho kwenye mbao zilizo juu yake.

"Nani atabeba mawe?" anauliza baadaye.

"Gari yangu. Mafuta ni yangu. Mukono ni yenu."

"Gari ya batouristes?"

"Biti bitatoka, mawe yaingie."

Guelord anakubali, lakini kwa masharti ya mtu aliyezoea kudanganywa. Atajaribu mpaka Jumatano. Fidélie asipofika Jumatatu kabla ya saa sita, watu wake watarudi tunduni. Hakuna karatasi iliyosainiwa. Kuanzia leo magunia yatavushwa kwa kichwa, mtu mmoja mmoja, na pikipiki zitasukumwa.

Abiria wanarudi Kolwezi kwa njia waliyojia. Chakula cha Fungurume kimepoa, na mwalimu mmoja ananung'unika kwamba alilipia madaraja matatu. Fidélie anaahidi kuwaleta tena bila malipo, ila siku hataji. Yolande ameketi mbele, na wanapopita daraja la pili Fidélie amekwisha kumweleza habari ya mawe.

"Mama Fidélie, ile hatari si wewe uliileta," anasema.

"Ni mi, mama mwalimu," anajibu, macho barabarani. "Nilipenda sana bantu banisikilize."

Jumatatu asubuhi, uani kwake Kapata, viti kumi na viwili vya Hiace vimepangwa chini ya ukuta kama vinasubiri abiria. Ilimchukua Jumapili yote baada ya misa kuvifungua, kwa sababu skrubu zilikuwa zimeshika kutu. Usiku alisikia matone juu ya bati, akaketi kitandani mpaka yakanyamaza.

Saa tano na nusu yuko Mukwiza. Mzee Stany ameketi juu ya ndoo mdomoni mwa tundu, anawakaripia wachimbaji kwa fimbo yake: "Hapana hivyo. Ile ya bapa iende chini. We Banza, unapanga ao unatupa?" Mawe yanapita mkono hadi mkono, ya kijivu, hayana rangi yoyote ya kupendeza. Guelord ndiye wa mwisho kwenye mstari, ndani kabisa, na ni mgongo wake tu unaoonekana.

Wamejaza mita moja. Zimebaki tano. Upande wa Fungurume wingu jeusi limesimama tangu asubuhi, halisogei wala haliondoki, na Fidélie hulitazama kila anapofunga mlango wa gari.

Kabla ya kwenda kuleta mzigo wa tatu anapanda darajani, anapiga magoti na kuchomeka njiti mpya kwenye ufa. Anaisubiri kidogo. Inasimama.

Anasema tundu likijaa atavirudisha viti, na Jumamosi ya kwanza atawaleta walimu. Atawashusha hapa, atawanyamazisha, kisha atawaeleza habari za daraja kama kawaida yake.

"Nitawaambia upande huu umekaa juu ya mawe ambayo hayana thamani yoyote," anasema, akitafuta funguo za gari mfukoni. "Na itakuwa kweli."