Takataka za Erasto

Erasto Namkopa wa Chiungutwa alikuwa mtunzi wa riwaya za upelelezi, na jambo hilo alilificha kama mwenye upele anavyoficha mikono. Ukimkuta ameinamia meza pale barazani ukamwuliza anaandika nini, alifunika ukurasa kwa kiganja akacheka kidogo. "Takataka tu hizi," alisema, kisha akakuuliza habari za mihogo.

Usidhani alikuwa mwongo. Shuleni Chidya walimfundisha kwamba majivuno ni dhambi, na nyumbani mama yake alimfundisha kwamba majivuno huita kijicho. Mafundisho hayo mawili yakakutana ndani ya mtu mmoja mwoga, basi kazi ikawa imekwisha. Vitabu vyake viwili vilichapwa Dar es Salaam zamani za ujana wake, na Chiungutwa nzima waliojua hawakuzidi watu watano. Mkewe alipomgombeza, alijibu kwamba kizuri chajiuza.

"Na mficha uchi hazai," alijibu Dorika.

Huyu Dorika alikuwa mzaliwa wa Newala, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpanga madaraja ya korosho kwenye ghala la ushirika, ghala lile lile ambalo Erasto alikuwa karani wake. Alizamisha mkono kwenye gunia mpaka kiwiko, akautoa, akanusa vidole, akakuambia korosho zimeanikwa siku ngapi na kama mwenye gunia amechanganya kokoto. Hakukosea. Wakulima walimwogopa kuliko askari. Kusoma alijifunzia ukubwani, darasa la jioni la watu wazima, na alisoma kwa kufuata maneno kwa kidole. Ndiye msomaji pekee ambaye Erasto alimpa kurasa zake bila kuona haya.

Alikuwa msomaji mkali. Mpelelezi wa vile vitabu viwili aliitwa Inspekta Cecil, mtu wa Dar es Salaam, mwenye bastola, miwani myeusi na koti refu. Erasto mwenyewe Dar alikaa siku nne tu.

"Baba Agatha," Dorika alimwuliza, "joto lote lile la Dar, huyu bwana na koti? Ana homa?"

Kisha zikaja zama za ruksa, serikali ikaiachia biashara. Wanunuzi binafsi walishuka na malori, wakatundika mizani zao kando ya barabara, na korosho zikaacha kupita ghalani. Ghala likafungwa, karani na mpanga madaraja wakarudi shambani siku moja. Huko shambani nako mikorosho ilikuwa imeshikwa na ubwiriunga, maua yanakauka meupe mtini, na dawa ya salfa haishikiki kwa bei. Kampuni iliyochapa vitabu vya Inspekta Cecil ilikuwa imekwisha kufa kimya kimya. Erasto alikuwa na miaka hamsini na miwili, na aliona wazi kwamba hakuna tena mahali popote duniani panapomngoja.

Ndipo barua ikafika, katikati ya mwaka tisini na tatu. Bwana mmoja, Abdulazizi, alikuwa amefungua duka la kuchapa vitabu Kariakoo, na mezani kwake kuna Inspekta Cecil aliyechakaa. Alitaka mfululizo mpya, vitabu vitatu, mpelelezi mpya wa zama hizi. Kitabu cha kwanza kimfikie kabla ya mwisho wa Juni mwaka unaofuata, la sivyo atamtafuta mtu mwingine.

Erasto akaanza na inspekta mwingine mwenye koti. Dorika alisoma kurasa sita, akazirudisha.

"Huyu ni Cecil amebadilisha jina. Mpelelezi wako hawezi kuwa mtu wa huku? Mtu anayejua kitu?"

Erasto alimtazama mkewe, ameketi mkekani, anachambua korosho za akiba kwa vidole vilivyobabuka kwa utomvu. Alimtazama muda mrefu mpaka Dorika akamwuliza kama ameona mzuka.

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Bi Sijaona, mpanga madaraja wa Newala, mwanamke mnene, mkali, asiye na bastola wala koti, ambaye hugundua wauaji kwa kunusa. Wakapanda Newala pamoja, wakakaa kwa binti yao Agatha wiki tatu, Erasto akitembea na kutazama. Kisa chenyewe alikwisha kukipata: mlinzi wa ghala ameuawa, na asubuhi yake magunia arobaini yamekutwa yamelowa, maana kuna mtu alitaka yazidi uzito kabla ya mizani. Washukiwa aliwaweka watatu. Kilichomshinda ni jinsi ya kumkamata muuaji mwenyewe.

Walikuwa wameketi ukingoni mwa uwanda, pale ardhi inapoporomoka kuelekea bonde la Ruvuma, wakiwatazama wanawake wanapanda na ndoo kichwani.

"Maji ya kulowesha magunia arobaini yalitoka wapi?" Dorika aliuliza. "Hapa Newala mtu anaoga kwa kopo. Mtafute mwenye tangi la mvua chini ya bati. Huyo ndiye kaua."

Erasto alipiga kelele ya furaha kama mtoto. Nadhani ndiyo siku pekee aliyopiga kelele kwa ajili ya kitabu, na waliomsikia ni wale wachota maji tu.

Aliandika miezi minane kwa mkono, kaunta buku nne, madaftari manene ya karani. Taipu ya ghala ilikwisha kuuzwa, na karatasi ya kaboni hakuwa nayo, kwa hiyo nakala ilikuwa hiyo hiyo moja. Mwezi wa tatu alimaliza. Ilibaki kupeleka tu.

Lakini mwezi huo huo tumbo la Dorika lilianza kuvimba. Mtani wa Erasto, Ashraf, mkulima mwenye baiskeli imara kuliko zote Chiungutwa, ndiye aliyempakia nyuma akamfikisha hospitali ya Mkomaindo, huku Erasto akitangulia na mzigo juu ya lori la magunia lisilofaa mgonjwa. Ukoo wa Ashraf na ukoo wa Erasto wametaniana toka enzi za mababu. Huyu Mwislamu, yule Mkristo, utani haujali hilo. Dorika alilazwa wiki tatu. Alisoma kaunta buku ya nne kitandani, kwa kidole, mpaka mwisho. "Huyu mwanamke anafanana nami," alisema, akageuka ukutani asionekane anavyotabasamu. Akafa mwezi wa nne, mvua zikiwa bado zinanyesha.

Wakamzika nyumbani. Na kama ilivyo desturi, watani walishika msiba: wao ndio wachimbaji, wao ndio wapishi, na wao ndio wenye ruhusa ya kuchekesha. Mtani hanuniwi. Anaweza kuvaa nguo za marehemu, anaweza kunyakua kitu chochote cha mfiwa, na mfiwa hana haki ya kukasirika. Akikitaka kitu chake, atamke mbele za watu na akikomboe kwa jogoo.

Ashraf alijifunga khanga ya Dorika. Akauendea mchele wa msiba, akazamisha mkono mpaka kiwiko, akanusa. "Daraja la pili!" alifoka kwa sauti ya Dorika kabisa. "Nani kachanganya kokoto?" Watu wakaangua kicheko. Erasto naye akacheka, machozi yakimtiririka, na kile kicheko kilimsaidia kupumua.

Kisha Ashraf akaingia ndani, akatoka na zile kaunta buku nne. Akaketi, akatafuna kalamu, akafunika ukurasa kwa kiganja. "Takataka tu hizi." Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Pale jikoni kuni zilikuwa zimelowa, moto unafuka moshi tu, na Ashraf akazielekea kuni na kaunta buku mkononi.

"Mwenye mali yuko wapi? Aje akomboe. Hataki, nawashia moto."

Erasto alikaa kati ya katekista Gervas na mashemeji zake waliotoka Newala. Udongo wa kaburi ulikuwa bado umeganda viatuni mwake. Alifikiri: nikisema nazitaka, watasema nalilia makaratasi siku niliyomzika dada yao. Akabandua udongo kiatuni kwa kidole.

"Mara ya pili! Hizi za nani?"

Akatazama chini. Akafikiri pia, maskini, kwamba mtani anatania tu, hawezi kufika huko.

"Mara ya tatu, mtani. Unazitaka?"

Watu wote walimgeukia. Erasto akacheka kile kicheko chake kidogo.

"Choma tu," alisema. "Takataka hizo."

Ashraf alimtazama usoni, khanga imemlegea kiunoni. Kisha akachana.

Moto uliwaka vizuri. Wali uliiva, watu wakala, na Erasto akala pamoja nao.

Baadaye alijaribu. Wiki mbili nzima aliketi barazani akikumbuka, akapata sura mbili zilizokauka, na Bi Sijaona ndani yake akawa anaongea kama katekista. Hakuwa na mtu wa kumwuliza maji yametoka wapi. Alimwandikia Abdulazizi akiomba muda. Jibu lilikuja fupi: amepata mtunzi mwingine, na kwa kweli watu siku hizi wanapenda video.

Siku ya arobaini Ashraf alikuja mchana, bila masihara, akaketi chini badala ya kigodani.

"Nina neno linanichoma, mtani. Siku ile nampeleka Mama Agatha kwa baiskeli, alinipa agizo. Aliniambia, nikifa, siku ya msiba zichukue zile kaunta buku, umbane mpaka aseme mbele za watu kwamba ni zake na anazitaka. Akisema mara moja, ataweza siku zote. Asiposema, nikiondoka mimi ataacha kuandika."

Erasto alilifungua daftari lililokuwa magotini mwake.

"Nilikuuliza mara tatu. Nilikuwa namtafuta usoni mwako mtu anayezitaka, nisimwone. Ukasema choma. Neno la mfiwa, mbele za mashemeji! Nikadhani labda unayo nakala. Nikadhani labda kweli ni takataka." Ashraf alifuta macho kwa ncha ya kanzu. "Ungesema neno moja, mtani. Jogoo ningekurudishia."

Miaka thelathini Erasto alikuwa ametunga watu wanaosoma nyuso za watu. Ashraf alisimama mbele yake na kaunta buku mkononi, uso wake ukimsihi, asiuone. Dorika angeuona kutoka jikoni.

Ashraf alipoinuka kuaga, macho yake yaliangukia daftari lililokuwa wazi juu ya magoti ya mwenzake.

"Na hiyo ni nini, mtani?"

"Riwaya yangu," Erasto alisema, kwa sauti kubwa, mpaka Mwanasha wa nyumba ya pili akageuka na mchi wake mkononi. "Ni riwaya yangu. Naitaka."

Ashraf aliinama kuitazama. Ukurasa ulikuwa mweupe.