Safari ya Bei Nafuu ya Mama Fancy

Rebeccah wa Kabianga alikuwa amechoka kabla hata ya kupanga safari. Baada ya mvua majani ya chai yalikuwa yamekuja yote kwa pamoja, mgongo ulimuuma, na sasa bintiye Fancy, aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, alikuwa amepiga simu kwamba anarudi.

"Mama, kuja airport. Lakini kuja peke yako. Tafadhali."

Sauti ile haikuhitaji maelezo. Mtoto anayerudi na mali husema njooni wote.

Basi akapanga safari ya mtu asiye na pesa wala nguvu ya kuongea na watu. Angeondoka Alhamisi asubuhi, siku ya kufika Fancy, na viazi vitamu vya kuchemsha mfukoni, maana hoteli za njiani huuza chai kwa bei ya kumuudhi mtu anayeichuma mwenyewe. Angelala kwa Jerusa, Mkisii aliyechuma naye chai zamani na ambaye sasa anauza sukuma wiki Kawangware. Angempelekea unga na mayai, wakae bila deni. Ng'ombe angekamuliwa na jirani.

Kitu kimoja hakuweza kukiacha: mursik. Huku kwetu mtoto aliyetoka mbali hunyweshwa kwanza maziwa ya kibuyu, maswali baadaye. Na kibuyu lazima kisuguliwe ndani kwa kaa la mti wa senetwet. Rebeccah, kwa uchovu tu, akachoma kijiti chake nje mchana kweupe. Moshi ule kila mwanamke wa hapa anaujua, na hakuna anayetayarisha kibuyu kikubwa vile kwa ajili ya tumbo lake peke yake.

Jirani yake Cheptoo, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, akafika kijiti hakijashika moto vizuri.

"Mama Fancy! Mtoto anakuja?"

"Anakuja."

"Na wewe ulikuwa unyamaze tu? Hatuwezi enda kuchukua mtoto kama watu wameiba! Tutakodisha gari, tutachanga sisi wenyewe. Kwaya ya kanisa itaenda. Anafika lini?"

Rebeccah alitaka kusema ukweli, kwamba mtoto hataki kuonwa. Lakini ukimwambia Cheptoo umeliambia soko zima, na nguvu ya kubishana hakuwa nayo.

"Jumamosi," akasema. "Mimi nitatangulia kwa Jerusa."

Uongo ulimtoka kwa wepesi hata akajishangaa.

Alhamisi jioni Fancy alitoka kwenye mlango wa uwanja wa ndege na kimfuko kimoja cha kitambaa. Alikuwa amekonda vibaya. Kwanza alitazama nyuma ya mama yake, kushoto, kisha kulia. Alipoona hakuna mtu mwingine, ndipo akaja. Akanywa mursik akiwa amesimama, nyingine ikamwagikia blauzi, akalia kwa sauti bila kujali askari wala madereva wa teksi. Rebeccah hakumuuliza lolote. Moyo ulimuuma kuliko mgongo.

Kwa Jerusa, Fancy alilala, akala, akalala tena. Alipoamka Ijumaa alisimulia kidogo: mshahara alionyimwa, sanduku la nguo lililobaki nyumbani kwa mwajiri. Rebeccah naye akamweleza habari za gari la Jumamosi, huku akiogopa kumtazama.

Fancy akajivuta, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Gari wamelipia?"

"Wamelipia. Kwenda na kurudi."

"Basi turudi nayo. Nauli ya watu wawili hatuna." Akajipangusa uso. "Nitafika kesho, Mama. Leo bado niko kwa ndege."

Jerusa akavuta sanduku lake kubwa kutoka chini ya kitanda, akamwazima. Cha kutia ndani hakikuwepo ila kile kimfuko.

Jumamosi Fancy alitokea tena uwanja wa ndege, katikati ya abiria, na sanduku lile, na kwaya iliimba mpaka watalii wakasimama kupiga picha. Cheptoo alitoa machozi ya kweli, kisha akafungua kibuyu chake mwenyewe, na Fancy akanywa kama mtu aliyeshuka sasa hivi. Halafu Kipkurui, mwenyekiti wa kwaya, akanyoosha mkono achukue sanduku, kwa kuwa huku kwetu aliyepokewa habebi mzigo wake.

Rebeccah alimtangulia.

"Wacha, Kipkurui. Hii nitabeba mimi."

Akalibeba mpaka garini, ameinama upande mmoja, akipumua kwa shida, kama mtu aliyeshika mzigo mzito.