Lori Lililochukua Upepo

Jirani yangu wa Al Amerat, mkurugenzi mstaafu, alifungua injini ya lori lake uani kwa kufuata video za simu. Likagoma kuwaka. Akampigia fundi wa gereji za Wadi Kabir, spika wazi. "Limechukua upepo, mzee. Utoe tu."

Mama yake jirani akasikia dirishani. Akatoka na chetezo, ubani unafuka, akalizunguka lori akisoma dua. Mimi nikarudi nyuma hatua tatu.

"Mama, si upepo wa shetani, ni hewa kwenye mpira wa dizeli!"

"Wewe toa wako, na mie nnatoa wangu."

Jirani akalegeza skrubu ya filta, akapampu, povu likatoka, lori likanguruma. Mama akafunga dua.

Jana nimemkuta yule fundi mwenyewe pale mlangoni kwa jirani, na lori la mteja limevutwa kwa kamba. Ananiuliza kwa sauti ya chini: "Mama yupo?"