Mama Alivyoufuata Umbea Wake hadi Maposeni

Mama yangu alikuwa na mdomo, wala simsingizii. Kila Jumamosi alikwenda kuungama umbea, na kila Jumatatu, kwenye foleni ya mashine ya kusaga pale mtaani kwetu Songea, aliuanza upya akiwa ameegemea debe lake la mahindi. Wanawake walimpenda kwa hilo. Foleni bila mama ilikuwa adhabu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka ya watu binafsi yakifunguliwa kila kona. Jirani yetu, mjane mwenye watoto wawili, naye akafungua lake la sukari, sabuni na mitumba. Mama akasema kwenye foleni, "Mume kafa Januari, duka limefunguliwa Machi. Mimi sisemi kitu, jumlisheni wenyewe."

Wakajumlisha. Haukupita muda mtaa mzima ukaamini kwamba marehemu alitolewa kafara, na watu wakaanza kununua sukari kwingine. Mama aliliungama hilo pia, akasali sala alizopewa, akarudi nyumbani mwepesi kabisa.

Kisha ikafika zamu ya mjane kupokea jumuiya. Kwetu jumuiya husali nyumba kwa nyumba, na mwenye zamu hutandika mikeka na kuazima viti. Tulikuta mikeka imetandikwa mpaka uani, sufuria kubwa la chai, na mwenyekiti wa jumuiya peke yake. Tulisubiri, hakuna aliyekuja. Mama, ambaye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo siku zote, alianza wimbo, akaukatiza katikati akiitazama mikeka mitupu.

Jumatatu alisimama mbele ya foleni. "Nilisema uongo juu ya jirani yangu. Mumewe aliugua, na uji wake nilikuwa nampelekea mimi. Duka kalifungua kwa mahindi yao waliyolima. Nilimwonea wivu." Wengine walicheka wakidhani anatania. Akarudia neno kwa neno, mpaka wakaacha.

Kutoka hapo tukaenda kwa mjane. Hakumkumbatia mama, na sikumlaumu.

"Dada, maneno yako yameshafika kwa wakwe zangu Maposeni," alisema. "Wanataka kuninyang'anya watoto. Na huko utakwenda?"

Kesho yake tulipanda lori la wanunuzi wa mahindi. Mama alipiga magoti mbele ya baba mkwe wa mjane, akamwamkia shikamoo, akaeleza yote.

"Umetumwa na mkwe wangu?" mzee aliuliza.

"Sijatumwa, baba. Mdomo uliosema ni huu."

Mzee akasema watoto watabaki kwa mama yao. Mimi, msichana wa darasa la sita, nilitamani darasa zima lingekuwepo limwone mama yangu.

Msidhani umbea uliisha siku ile. Ulimwasha kila Jumatatu. Akaanza kutafuna punje za mahindi makavu kwenye foleni ili mdomo uwe na shughuli. Mtu akileta habari tamu, wote walimgeukia, naye akaongeza punje nyingine. Walimtania sana, na taya zilimuuma, lakini alitafuna.

Asubuhi moja mjane alipita kwetu akiwa safarini kwenda Namtumbo, wanawe wamemshika kitenge.

"Dada, nakuachia hawa. Nitarudi kesho."

Mama aliwakalisha, akawamiminia uji. Aliwajazia vikombe pomoni hata ukamwagika mezani. Nikachukua kitambaa nikaufuta, nikijiona mtoto wa mtu mkubwa.